Kutoka kwenye mkweche hadi gari la kutegemewa: mwongozo kamili wa kununua gari lililotumika

Watu wengi wanaoachana na mkweche na kununua gari jingine lililotumika hujikuta gereji tena ndani ya miezi michache. Ukiwauliza walinunuaje, hadithi zinafanana: waliliona gari, likawavutia, wakakubaliana bei, na hapo ndipo wakamwita fundi "aliangalie kidogo". Kufikia hapo fundi hana nafasi ya kusema hapana. Si kwamba hawakukagua. Walikagua mwisho.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kila moja iweze kulikataa gari kabla hujaingia gharama ya inayofuata. Zifuate kwa mfuatano huu huu.

## Vitu vya kuandaa

- Tochi yenye mwanga mkali. Taa ya simu haifiki chini ya injini.
- Sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi.
- Tishu nyeupe au kitambaa cheupe cha kufutia kijiti cha oili.
- Multimita ya kupimia betri.
- Kifaa cha kusoma makosa ya injini kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (tundu la kuwasiliana na kompyuta ya gari), ambayo mara nyingi ipo chini ya usukani. Vile vidogo vinavyounganishwa na simu kwa Bluetooth vinatosha.
- Kadibodi kubwa ya kulalia unapochungulia chini ya gari.
- Daftari na kalamu. Ukitazama magari matatu siku moja bila kuandika, jioni utayachanganya.
- Fundi wako mwenyewe. Si wa muuzaji, wala rafiki wa dalali.

Kitu kimoja kibaki nyumbani: fedha za kununulia gari. Mtu mwenye fedha mfukoni huharakishwa kirahisi.

## Hatua ya 1: Hakikisha gari lako limefika mwisho kweli

Usianze kutafuta kwa hasira za kukwama njiani jana. Mpelekee fundi gari lako na mwambie aorodheshe kila kinachohitajika ili litembee mwaka mzima bila wasiwasi, pamoja na gharama zake.

Wengi huchukua gharama hiyo na kuilinganisha na bei ambayo gari lingeuzwa, kisha wanasema halistahili kutengenezwa. Kipimo hicho kinapotosha. Gari ambalo sokoni halina bei linaweza kukuhudumia miaka miwili zaidi kwa kubadilishiwa klachi tu. Linganisha matengenezo na gharama nzima ya kuhama: fedha za kuongezea, uhamisho wa umiliki, bima, sevisi ya kwanza na yale yatakayojitokeza. Mara nyingine jibu ni kutengeneza na kusubiri.

Yapo magonjwa ambayo hayana mjadala. Kutu iliyokula chesi au sehemu zinazobeba sasapensheni ni mojawapo, kwa sababu gari la namna hiyo halitakulinda likigongwa. Jingine ni injini inayokula oili huku kompresheni imeshuka, giaboksi ya otomatiki inayoteleza, au mfumo wa umeme ulioungwaungwa kiasi kwamba hitilafu inahama leo taa, kesho stata.

## Hatua ya 2: Gawa fedha kabla ya kutazama tangazo lolote

Tenga mafungu matatu: bei ya gari, gharama za kisheria (usajili, kodi, bima), na akiba ya matengenezo ya mwanzo. Ningekushauri akiba hiyo isipungue asilimia 15 ya fedha zote ulizonazo. Gari lililotumika litadai oili, vichujio, pengine matairi na betri, hata kama ni zuri. Asiye na akiba huahirisha sevisi hiyo, na hapo ndipo gari zuri linapoanza kugeuka mkweche mpya.

Tahadhari: usidanganywe na gari la kifahari lililozeeka ambalo bei yake imeangukia kwenye uwezo wako. Bei ya gari hushuka kwa umri, lakini bei ya spea zake haishuki kwa kasi hiyo.

## Hatua ya 3: Chagua aina mbili au tatu tu

Usimuulize fundi "gari gani zuri?" Atakutajia analolipenda. Muulize ni gari gani analofungua injini au giaboksi mara kwa mara, na lipi huja kwa breki na oili tu. Hili la pili ndilo unalolitaka.

Kisha ingia ndani zaidi ya jina. Gari la jina moja linaweza kuwa na injini tatu na giaboksi mbili tofauti, na sifa nzuri uliyoisikia inahusu mchanganyiko mmoja tu. Andika kwenye daftari: aina ya injini, aina ya giaboksi, miaka ya toleo hilo.

Fahamu pia kama injini inatumia belti au cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu ziende sambamba na pistoni. Belti hubadilishwa kwa ratiba ya mtengenezaji, mara nyingi karibu na kilomita 100,000, na ina kikomo cha miaka hata kama gari halikutembea. Katika injini nyingi, belti ikikatika pistoni hugonga valvu na injini inakufa papo hapo. Zipo pia injini ndogo ambazo belti yake inazunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi huilainisha na mabaki yake kuziba chujio la pampu ya oili. Hizo nunua tu ukiona risiti za oili.

Kama safari zako ni fupi za mjini, kaa mbali na dizeli za kisasa zenye chujio la masizi. Chujio hilo linahitaji mwendo mrefu wenye joto ili lijisafishe.

Na kuhusu kilomita: gari la kilomita 180,000 lenye rekodi za oili kila baada ya muda wake naliamini kuliko la 70,000 ambalo hakuna anayejua lilitunzwaje.

## Hatua ya 4: Piga simu kwanza

Anza hivi: "Habari, napiga kuhusu gari unalouza." Usitaje aina. Akikuuliza "lipi?", huyo ana magari mengi, hata kama tangazo lilisema ni gari la familia.

Kisha uliza: Umelimiliki muda gani? Kwa nini unauza? Kadi ina jina la nani? Limewahi kugongwa au kupakwa rangi upya? Sevisi ya mwisho ilifanywa lini, na risiti zipo? Lina deni au mkopo wowote?

Sikiliza namna anavyojibu. Mwenye gari hukumbuka alipobadilisha matairi. Asiye mwenye gari husema "gari liko safi, njoo ulione" kwa kila swali.

Malizia na ombi moja muhimu kuliko yote: asiliwashe gari kabla hujafika. Mpe muda wa kufika, mchana, mahali penye mwanga. Mvua ikinyesha, ahirisha. Matone ya maji huficha mikwaruzo, mabonde na tofauti za rangi.

## Hatua ya 5: Makaratasi kabla ya boneti

Ukifika, usiombe funguo. Omba kadi ya gari na kitambulisho cha muuzaji.

Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, au kuwe na idhini ya maandishi unayoweza kuithibitisha kwa mwenyewe. "Bado sijahamisha tu" ni sentensi ya kukuondoa pale.

Linganisha namba ya chesi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye gari, pamoja na stika ya nguzo ya mlango au kibati kilicho chini ya kioo cha mbele. Katika sehemu nyingi duniani namba hii ina herufi na tarakimu 17, na haitumii herufi I, O wala Q kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, hivyo ufupi peke yake usikutishe. Kinachotisha ni alama za kusaga, ulehemu kuzunguka namba, au ribiti zilizoguswa.

Kwa gari lililopita mnada wa Japani, omba karatasi ya mnada. Gredi ya R au RA maana yake lilipata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, na XX ni paneli iliyobadilishwa. Herufi S au C ni kutu, na hizo zitafute mwenyewe chini ya gari.

Panga risiti za sevisi kwa tarehe na usome kilomita zake. Zinatakiwa kupanda tu. Zikishuka mahali popote, mita imerudishwa.

Mwisho, tumia namba ya chesi kutafuta kama mtengenezaji aliwahi kuliita gari hilo lirudi kurekebishwa. Hili si jambo dogo: mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata ilifanya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi kuitwa, kwa sababu kifaa cha kuijaza kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma, hasa baada ya miaka mingi kwenye joto na unyevu. Watengenezaji wengi wana ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chesi.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* jina, namba na kilomita vyote vinasema kitu kimoja. Kama kimoja kinapingana na kingine, shukuru na uondoke.

## Hatua ya 6: Zunguka bodi

Simama kwenye kona ya gari na utazame ubavu wake kwa mstari, macho yakiwa usawa wa taa. Rangi iliyorudiwa huonekana kwa mawimbi au kwa vipele kama ngozi ya chungwa. Kisha fuata nafasi kati ya paneli. Nafasi ya boneti upande wa kushoto ifanane na ya kulia.

Pitisha sumaku kwenye bodi iliyo juu ya madirisha, kwenye nguzo, chini ya milango na kuzunguka matairi ya nyuma. Isiposhika vizuri, kuna puti (kijazio cha mabonde) chini ya rangi. Kumbuka tu kwamba bampa ni plastiki na baadhi ya boneti ni alumini, huko sumaku haitashika hata gari likiwa jipya.

Fungua boneti na utazame bolti za bawaba zake na za madigadi. Rangi iliyobanduka kwenye pembe za bolti inaonyesha spana imepita hapo. Peke yake si kosa, lakini inakupa swali la kuuliza.

Mafuriko. Gari lililozama ni kimeo kibaya kuliko vyote, kwa sababu hitilafu huja moja moja kwa miaka. Vuta mkanda wa abiria mpaka mwisho, ule utepe ambao hautoki kila siku. Doa la tope au mstari wa maji hubaki pale. Inua zulia la buti na uchungulie shimo la tairi la akiba. Mulika reli za siti: kutu kwenye bolti za siti, ndani ya gari ambalo limefungwa muda wote, haina maelezo mengine mazuri. Harufu kali ya manukato nayo iulizie inaficha nini.

Mita. Kaa kwenye siti ya dereva. Tazama mpira wa pedali ya breki, pembe ya siti unayoteleza ukiingia, na usukani mahali mikono inaposhika. Mpira uliolika mpaka mistari yake imetoweka upande wa kulia haukuletwa na kilomita 60,000. Na pedali mpya kabisa kwenye gari la miaka 12? Mtu aliibadilisha kwa sababu.

Matairi. Tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililoliwa upande mmoja tu linaelekeza kwenye alainimenti, bushi au bolijointi zilizochoka.

## Hatua ya 7: Injini ikiwa ya baridi

Hatua hii na inayofuata ndizo zinazookoa watu wengi, na ndizo ambazo muuzaji mjanja anajitahidi uzikose.

Weka kiganja karibu na injini, halafu kwenye rejeta. Kama kuna joto, gari limewashwa kabla hujafika. Usigombane. Sema utarudi asubuhi, na uone anavyopokea. Injini yenye stata dhaifu, cheni iliyolegea au sili za valvu zilizochoka hujificha ikishapata moto.

*Onyo: usifungue kifuniko cha rejeta ya moto kwa hali yoyote. Maji yaliyo ndani yana presha na yatakuunguza uso.*

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua na utazame kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Inatakiwa iwe na rangi yake safi, iwe kijani, nyekundu, waridi au bluu. Rangi ya kutu inaonyesha limetiwa maji ya bomba kwa muda mrefu. Utando wa oili ukielea juu, gasketi ya silinda hedi ni mshukiwa wa kwanza.

Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa tishu, rudisha, chomoa tena. Oili nyeusi si kosa, hasa kwenye dizeli. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni kosa la tabia: mwenye gari hafungui boneti. Sugua tone kati ya vidole. Chembe za chuma zikikukwaruza, simama hapo.

Fungua kifuniko cha kujazia oili na ukigeuze. Ukiona urojo wa rangi ya maziwa, kuna maji ndani. Unyevu mdogo unaweza kutokea kwa gari la safari fupi mahali pa baridi, lakini urojo mwingi pamoja na kulanti inayopungua ni ushahidi tosha.

Giaboksi ya otomatiki ikiwa na kijiti, pima kwa utaratibu ulioandikwa na mtengenezaji, maana nyingi hupimwa zikiwa na moto na injini ikinguruma. Kinachotafutwa ni harufu. Mafuta yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya.

Kisha betri. Gari likiwa limelala, multimita isome karibu na volti 12.6. Ikisoma 12.0, betri imechoka au kuna kitu kinainyonya usiku.

Mulika chini ya injini na giaboksi. Doa lililokauka na kushika vumbi ni uvujaji wa zamani na wa polepole. Tone linaloning'inia ni la sasa. Injini iliyosafishwa mpaka inang'aa, chini ikiwa nayo imeoshwa, haikupi jibu lolote. Dondoo hilo liandike na umwambie fundi alichungulie tena baada ya kuliendesha.

## Hatua ya 8: Washa

Ingia mwenyewe. Geuza swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa za injini, oili, betri, ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapofunga breki) na mfuko wa hewa zote zinatakiwa kuwaka, kisha baadhi zizime zenyewe baada ya sekunde chache na nyingine zizime injini ikiwaka.

Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko taa isiyozima. Kuna watu huikata au kuifunika ili usiulize.

Sasa washa, dirisha likiwa wazi, na umwombe mwenzako asimame nyuma kwenye bomba la moshi.

- Mlio wa cheni kwa sekunde kadhaa kisha unanyamaza: cheni au kikaza chake kinakaribia kuchoka.
- Moshi wa bluu unaotoka mara tu injini ikiwaka: oili imepenya kwenye sili za valvu. Ukitoka zaidi gari linapovuta mlima, shuku ringi za pistoni.
- Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu: kulanti inaungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi hauna shida.
- Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Inaweza kuwa chujio la hewa tu, inaweza kuwa injekta.

Acha ingurume taratibu huku ukipima betri tena. Kwa kawaida utasoma kati ya volti 13.5 na 14.7. Chini ya 13 mfululizo, alternata haichaji sawasawa.

## Hatua ya 9: Barabarani, dakika 30 na redio imezimwa

Muuzaji atapenda mzunguko mfupi wa mtaani. Kataa kwa upole. Unahitaji barabara ya kasi, mlima, matuta na mahali pa kugeuza gari kwa mduara. Hakikisha kwanza bima inakufunika.

*Giaboksi ya otomatiki.* Shika breki, peleka R, kisha D. Gari lipokee ndani ya sekunde moja hivi, bila kugonga. Ukiwa njiani, kanyaga kwa nguvu ya wastani na usikilize: mizunguko ikipanda bila mwendo kupanda, inateleza. Za CVT (otomatiki zinazotumia belti na puli badala ya gia) hazina kubadilika kwa gia kama otomatiki nyingine, ila mtetemo wakati wa kuondoka na mlio wa kulia kama nzi mkubwa ni dalili mbaya.

*Giaboksi ya kawaida, ya kubadilisha gia kwa mkono.* Ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka chini. Mizunguko ikiruka ghafla, klachi imekwisha.

*Breki.* Barabara ikiwa tupu nyuma yako, funga kwa nguvu kutoka kilomita 60 kwa saa. Gari lisivutie upande. Usukani ukitikisika, diski hazina unene sawa. Mtetemo wa pedali wakati ABS inafanya kazi ni wa kawaida.

*Usukani na sasapensheni.* Kwenye barabara iliyonyooka, legeza mikono kidogo bila kuachia. Kisha tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho na uende polepole: mlio wa tak-tak-tak kutoka mbele ni jointi za ekseli. Muungurumo unaoongezeka na mwendo, na kubadilika ukikata kona, ni bearingi ya gurudumu. Kishindo kizito kwenye matuta ni bushi au shokapu.

*Joto.* Washa kiyoyozi na usimame kwenye foleni, au simamisha gari likinguruma kwa dakika 10. Mshale wa joto ufike mahali pake na ukae. Usikie feni ikiingia na kutoka. Magari mengi yenye gasketi iliyoanza kufa yanatembea vizuri kwenye upepo wa barabara kuu na kuumbuka hapa.

Ukirudi, zima, subiri dakika tano, washa tena. Injini ya moto inayogoma kuwaka ina tatizo ambalo asubuhi halikuonekana. Kisha chungulia chini: lile tone ulilolisubiri kwenye Hatua ya 7 sasa litakuwa limeanguka.

## Hatua ya 10: Mashine na jeki, kwa fundi wako

Chomeka kifaa cha OBD. Usisome makosa tu. Fungua sehemu inayoonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Makosa yakifutwa au betri ikichomolewa, vipimo hivyo hurudi kwenye hali ya "bado", na gari hulazimika kutembea kwa muda ndipo vikamilike. Gari lisilo na kosa hata moja lakini vipimo vingi vikiwa "bado" limefutwa makosa hivi karibuni. Mwambie muuzaji utapima tena baada ya siku chache za matumizi.

Kama ni haibridi (gari la mafuta na umeme), fundi asome hali ya betri kubwa na akague tundu la feni yake, ambalo mara nyingi lipo karibu na siti ya nyuma. Vumbi na manyoya yakiliziba, betri hupata joto na kufa mapema.

Gari likiwa juu, mpe fundi maswali matatu ya kujibu kwa maandishi: Kuna kutu ya kutoboa? Kuna ulehemu au chesi iliyonyooshwa? Nini kitahitaji fedha ndani ya miezi 12, na kiasi gani? Mlipe hata kama jibu ni baya. Fundi anayelipwa tu gari likinunuliwa ana sababu ya kulisifia.

Muuzaji anayekataa gari lisipandishwe jeki amekujibu tayari.

## Hatua ya 11: Bei, halafu malipo

Sasa ndipo mnaanza kuzungumza bei. Chukua orodha ya fundi, jumlisha, na uiweke mezani. "Matairi mawili, breki za mbele na bushi" ni hoja. "Punguza kidogo bwana" si hoja, ingawa na yenyewe haikatazwi.

Andikeni mkataba: majina na vitambulisho, namba ya chesi, namba ya usajili, kilomita za siku hiyo, bei, tarehe na saa ya makabidhiano, kasoro zinazojulikana, na kauli kwamba gari halina deni. Saa ina maana yake. Faini ya asubuhi isiwe yako.

Lipa benki kwa benki, na uhamisho wa umiliki uanze siku hiyo hiyo. Usitoe "kishika gari" (malipo ya awali ya kukuwekea gari) kwa mtu ambaye hujathibitisha karatasi zake. Pokea funguo zote. Ufunguo wa pili wenye chipu unaweza kugharimu zaidi ya unavyodhani, hivyo ukikosekana uingie kwenye bei.

## Hatua ya 12: Mwezi wa kwanza

Badilisha oili na chujio lake, chujio la hewa, la kabini, na mafuta ya breki, hata kama umeambiwa vimebadilishwa juzi. Unachonunua hapa ni tarehe ya kuanzia unayoiamini. Mafuta ya giaboksi badilisha kwa aina hasa aliyoiandika mtengenezaji. Kwenye CVT, mafuta yasiyo sahihi yanaua.

Kama hakuna risiti ya belti ya taimingi, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ibadilishe pamoja na vikaza vyake, na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na belti hiyo hiyo.

Kila wiki, injini ikiwa baridi, pima oili na kulanti na uandike kiwango. Kushuka kidogo mara moja, baada ya kubadilisha kulanti, ni hewa iliyokuwa imebaki ikitoka. Kushuka kila wiki ni uvujaji. Tafuta unapotokea kabla ya safari ndefu.

## Hatua ya 13: Uza mkweche

Kama una mahali pa kuuegesha, usiuuze mpaka gari jipya limalize wiki tatu au nne. Ukiamua kuukabidhi kwa muuzaji wa gari jipya ili bei ipungue, mjadala wa bei ya kila gari ufanywe peke yake. Zikichanganywa, punguzo la huku hufidiwa na hasara ya kule.

Andika kasoro zote kwenye tangazo. Wanaonunua magari ya namna hiyo ni mafundi na watu wa spea, nao wataziona kwa dakika mbili. Ukizisema mwenyewe, mazungumzo yanakuwa mafupi. Kama gari halifai tena barabarani kwa sababu ya kutu ya chesi, liuze kama spea au chuma chakavu, na ufute usajili wake.

Siku ya kukabidhi, hamisha umiliki mkiwa pamoja, pata nakala yenye sahihi, na usitishe bima baada ya uhamisho kukamilika, siyo kabla. Toa stika za maegesho, kadi za mafuta na rimoti ya geti. Kisha ingia kwenye redio na ufute simu yako na orodha ya namba iliyojinakili humo.